Kufufua mdundo wa kingo za meza kongwe ya pool

Meza kongwe za Brunswick-Balke-Collender, zile zilizotoka viwandani Marekani kuanzia mwaka 1884 kampuni ilipopata jina hilo hadi miaka ya 1920, huchakaa kwa namna ya ajabu. Jiwe la sleti linabaki kama lilivyochongwa. Miguu inabeba. Rangi ya lakri inapata mistari, lakini inang'aa bado. Kinachokufa ni mpira wa kingo. Tufe linapigwa kwa nguvu, linagonga ukingo kwa sauti ya bubu, linarudi nusu ya meza na kusimama.

Dawa ya haraka inayokuja akilini ni kununua mpira mpya, kubandua wa zamani na kubandika mpya palepale. Hapo ndipo meza nyingi nzuri zinapoharibiwa. Mpira wa leo hauna umbo la mpira uliokuwa kwenye meza hizo, na ubao unaoubeba ulichongwa kwa pembe ya mpira wa zamani. Ukibandika umbo jipya juu ya pembe ya zamani, ncha ya mpira, ile sehemu iliyochongoka inayoguswa na tufe, inakaa juu mno au chini mno, na mdundo unakuwa wa hovyo hata kama mpira wenyewe ni wa bei ya juu kuliko yote sokoni. Kwa hiyo kazi hii ni ya useremala kwanza, ya mpira baadaye.

Maelezo haya yanahusu meza za Kimarekani zenye mashimo sita na kingo sita. Meza za Kiingereza za futi 12, kama zile zilizobaki kwenye klabu za enzi ya ukoloni huku Afrika Mashariki, zina mpira wa umbo jingine, midomo ya mashimo iliyoviringwa, na tufe la milimita 52.5. Usichanganye vipuri vya familia hizi mbili.

Kwanza jua kilichokufa

Ukingo usiodunda unaweza kuwa na ugonjwa wa aina tatu: mpira umezeeka, gundi imeachia, au ukingo mzima haukushikwa sawasawa kwenye jiwe. Dalili zinafanana, gharama hazifanani. Ugonjwa wa tatu unatibiwa kwa spana kwa nusu saa.

Anza na kidole gumba. Bonyeza ncha ya mpira kupitia kitambaa, kila sentimita 20, kingo zote sita. Mpira mzima unabonyea kwa shida kidogo na kurudi papo hapo. Ukihisi unabonyeza ubao, mpira umekauka: hewa na joto vimeufanya mgumu miaka nenda rudi. Ukiacha alama ya kidole inayorudi taratibu, mpira umeoza na kuwa kama ulimbo. Hali hizi mbili hazina tiba ila kubadilisha. Kuna watu wanaopuliza mafuta ya silikoni, kupaka gliserini, hata kupitisha pasi ya moto juu ya kitambaa. Mafuta hayarudishi uhai wa mpira, na yanaweza kuharibu ushikaji wa gundi. Joto huuzeesha zaidi. Hakuna kinachofufuka.

Kisha pima kwa tufe. Nguvu ya mkono haiaminiki, kwa hiyo tengeneza mteremko mdogo: vipande viwili vya ubao vya sentimita 40 vilivyounganishwa kama herufi V, upande mmoja umeinuliwa sentimita 10. Weka mteremko umbali uleule kutoka kwenye ukingo, achia tufe kutoka juu kabisa, liende likagonge kwa pembe mraba, kisha tia alama ya chaki pale liliporudi na kusimama. Sogea sentimita 20, rudia. Ukimaliza kingo zote utakuwa na mstari wa alama za chaki unaokueleza habari yote. Mstari ulionyooka lakini mfupi kingo zote: mpira umezeeka, au umbo na kimo cha ncha vimekosewa. Mstari unaoporomoka mahali pamoja na kupanda tena: gundi imeachia hapo, au bolti iliyo karibu imelegea. Mstari mfupi kwenye ukingo mmoja tu: ukingo huo haukukazwa.

Ili kutofautisha gundi na bolti, weka kiganja juu ya ukingo wakati tufe linagonga. Ukingo uliolegea unatetemeka mkononi, na mara nyingi sauti yake ni nzito, kama mlango uliofungwa vibaya. Ukingo ulioshikwa vizuri lakini wenye gundi iliyoachia hautetemeki. Ila ukivuta ncha ya mpira kwa kidole kuelekea katikati ya meza, utaona inakufuata.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla ya kufungua chochote ni mwenendo wa tufe. Likiruka kidogo kila linapogonga kwa nguvu, ncha iko chini mno. Lisiporuka lakini likaacha mstari wa vidoti vilivyochakaa kwenye kitambaa cha chini, karibu na ukingo, ncha iko juu mno: inaligandamiza tufe kwenye jiwe na kulila mwendo. Andika uliyoyaona. Yatakusaidia kwenye vipimo.

Kigezo cha kulenga kinajulikana. Kanuni za chama cha dunia cha pool, WPA, zinataka tufe lililopigwa katikati, kwa fimbo iliyolala na pigo imara, lisafiri angalau urefu wa meza mara 4 hadi 4.5 bila kuruka. Meza kongwe iliyotengenezwa vizuri inafika hapo.

Kufungua

Toa matundu ya ngozi, ile mifuko inayopokea matufe mashimoni, kwanza, kisha vifuniko vya mapambo vinavyoficha bolti ubavuni. Kwenye meza nyingi za enzi hizo bolti hazitokei chini kama kwenye meza za leo. Zinapita kwenye ukingo kwa mlalo na kuingia ubavuni mwa jiwe, ndani ya nati zilizozamishwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Risasi ni laini. Bolti iliyoshika kutu ikilazimishwa, nati inazunguka ndani ya jiwe, na hapo umejitafutia kazi nyingine kabisa. Weka mafuta ya kupenya kutu, acha usiku kucha, jaribu kwa spana fupi, rudia. Usipige nyundo.

Tia namba kila ukingo kwa penseli upande wa chini, pamoja na namba hiyohiyo kwenye jiwe. Kingo za meza kongwe zinaonekana sawa lakini zilichongwa kila moja kwa nafasi yake. Pima na kuandika pia umbali wa ncha hadi ncha, kwa urefu na kwa upana, ukingali na mpira wa zamani: inchi 100 kwa 50 kwa meza ya futi 9, inchi 92 kwa 46 au 88 kwa 44 kwa zile za futi 8. Eneo la kuchezea linapaswa kubaki hilohilo ukimaliza, maana jiwe lilikatwa kwa ajili yake na mashimo yako hapo hapo.

Geuza ukingo juu chini kwenye meza iliyotandikwa blanketi. Ng'oa pini au misumari midogo inayoshika kitambaa chini. Juu ya ukingo, kitambaa kinabanwa na ufito mwembamba wa mbao uliogongwa kwenye mfuo. Uinue kuanzia mwisho kwa patasi nyembamba, bila kuegemea mdomo wa mfuo upande wa mapambo. Ukivunja mdomo huo, ufa utaonekana kila siku. Usitupe fito za zamani. Unazihitaji kama sampuli ya unene.

Mpira wa zamani unakatwa kwa kisu na kubanduliwa. Kabla ya kuutupa, kata kipande cha milimita 5 kutoka sehemu isiyoharibika, kama soseji inavyokatwa, ukipige picha pembeni ya rula na kukihifadhi. Meza nyingi za Brunswick zina kibao cha shaba kinachotaja kingo za Monarch, jina la kibiashara la mpira wa kampuni hiyo. Lakini kipande ulichokata ndicho ushahidi pekee wa umbo lililokuwapo. Kibao chenyewe kirudi mahali pake kazi ikiisha.

Gundi ya zamani ikwanguliwe kwa patasi na kumaliziwa kwa msasa namba 80. Uwe mwangalifu na vitu viwili. Lakri ya zamani inaweza kuyeyuka kwa spiriti, kwa hiyo usipanguse ubao kwa spiriti karibu na uso wa mapambo. Na alama za juu ya ukingo, zile nukta au almasi nyeupe, kwenye meza za bei zilikuwa za pembe ya ndovu au ganda la chaza: hazipigwi msasa, hazipuliziwi hewa ya moto. Pembe ya ndovu ina sheria zake za kusafirisha mipakani, na anayefikiria kuiuza meza nchi nyingine ajue hilo mapema.

Ubao na kimo cha ncha

Sasa unaona ubao mtupu ulioubeba mpira. Chomeka ncha ya kisu sehemu kadhaa. Kama kinazama kirahisi, au kama matundu ya pini yameufanya ubao kuwa kama sifongo, gundi mpya haitashika, na nguvu ya tufe itapotelea kwenye mbao laini. Weka rula ndefu ya chuma: mwanya unaozidi nusu milimita katikati utaonekana kwenye mchezo. Lakini hata ubao ukiwa mzima, pembe yake yaelekea si ya mpira utakaoununua.

Kimo kwanza. Tufe la pool la Kimarekani lina kipenyo cha milimita 57.15. WPA inaweka ncha ya mpira kwenye asilimia 63.5 ya kipenyo, ikiruhusu asilimia moja juu au chini. Hiyo ni milimita 36.3, isipungue 35.7, isizidi 36.9, kutoka kwenye uso wa kuchezea. Mwenye kupenda fizikia atauliza kwa nini isiwe asilimia 70, kimo ambacho tufe likisukumwa hapo linabingirika bila kuteleza. Kwenye karatasi ni sawa, lakini ncha ikiwa juu hivyo, pigo kali linalisukuma tufe chini kwenye jiwe. Ndiyo maana imeshushwa. Meza kongwe ya biliadi isiyo na mashimo ina matufe makubwa zaidi, ya milimita 61 hadi 61.5, na ncha yake hukaa karibu milimita 37. Kama meza yako ilizaliwa hivyo na baadaye ikatobolewa mashimo, usishangae kukuta kimo kisichofaa matufe unayotumia.

Halafu umbo. Mpira unaopatikana kwa wingi kwa meza za Marekani ni K-66. K-55 hutumika kwenye meza kadhaa za futi 9. Herufi na namba hizi ni majina ya umbo la mkato, si ubora. Ubora uko kwenye mpira wenyewe: mpira asilia safi hudumu miongo, ule uliojazwa udongo ili upungue bei hufa ndani ya miaka michache. Nunua seti moja ya vipande sita kutoka toleo moja. Kubadilisha kingo mbili na kuacha nne kunazaa meza yenye tabia mbili, na hakuna mchezaji atakayeizoea.

Mpira ukiwa mkononi, usikimbilie msumeno. Chukua kadibodi ngumu, chora mstari mnyoofu kuwa uso wa jiwe pamoja na kitambaa chake, kisha mstari wa pili juu yake kwa milimita 36.3. Kata kipande chembamba cha mpira mpya kutoka kwenye ziada. Kilaze kwenye kadibodi ncha ikiwa juu ya mstari wa pili, uso wa juu ukielekea ukingo kwa mwinamo ambao mtengenezaji ameuonyesha kwenye mchoro wake. Hakikisha mambo mawili: ncha ndiyo sehemu ya kwanza na ya pekee itakayoguswa na tufe, na sehemu ya chini ya mpira haigusi kitambaa cha chini. Sasa chora mgongo wa mpira. Mstari huo wa mgongo ndio pembe ya ubao wako. Kata kadibodi kwenye mstari huo na una kiolezo cha kazi nzima.

Ukiweka kiolezo kwenye ubao wa zamani, mara nyingi utaona pengo upande mmoja na mbao iliyozidi upande mwingine, na ncha inaangukia nyuma au mbele ya mahali pake pa awali. Tiba iliyo safi ni kurudisha ubao nyuma kwa msumeno wa meza hadi mbao nzima, karibu milimita 15 hadi 20, na kugundisha ufito mpya wa mbao ngumu iliyokauka vizuri na yenye nyuzi zilizonyooka. Marekani hutumia mapo au popla. Kwa fundi wa huku, mninga au mvule unafaa. Msaji una mafuta, kwa hiyo upanguswe kwa asetoni dakika chache kabla ya gundi. Tumia gundi ya mbao ya kawaida, klempu kila sentimita 15, vipande vya mbao laini kati ya klempu na uso wa mapambo, saa 24 bila kuguswa.

Baada ya hapo ndipo unakata pembe. Lalisha diski ya msumeno kulingana na kiolezo, jaribu kwanza kwenye kipande cha taka chenye urefu wa kiganja, bandika humo kipande cha mpira kwa muda, kipime juu ya jiwe. Nyuzi moja ya kosa la pembe inasogeza ncha zaidi ya nusu milimita, na una uhuru wa milimita 0.6 tu kila upande. Kipimo kikikubali, kata kingo zote sita bila kugusa tena mpangilio wa msumeno. Asiye na msumeno wa meza anaweza kufika kwa randa ndefu na subira, akiangalia kiolezo kila baada ya mipitisho michache. Na ukumbuke umbali wa ncha hadi ncha ulioandika: unene wa ufito mpya ndio unaourudisha.

Kubandika mpira

Gundi inayofaa ni ile inayopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kabla ya kuunganisha, ya jamii ya gundi ya mafundi viatu. Nusu lita hadi lita moja inatosha meza nzima. Gundi ya mbao haishiki mpira, na gundi za matone zinazokauka kwa sekunde hufanya mstari mgumu unaovunjika kwa mapigo.

Kwaruza mgongo wa mpira kwa msasa namba 60 hadi 80. Mpira uliotoka kwenye kalibu una ngozi laini yenye masalia ya dawa ya kuutoa kalibuni, na gundi huachia hapo kabla ya pengine popote. Pangusa vumbi. Baadhi ya mipira ina turubai iliyochomwa pamoja nayo upande wa juu. Hakikisha unajua upande upi ni upi kabla mikono haijawa na gundi.

Ubao upate mikono miwili ya gundi, kwa sababu wa kwanza unanywewa na nyuzi. Mpira upate mmoja. Acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi dakika 15 hadi 30, mpaka kifundo cha kidole kikigusa hakivutwi. Pwani, msimu wa mvua, ongeza muda na usifanye kazi hii jioni: kiyeyushi kinapopaa kinapoza uso wa gundi, unyevu wa hewa unatua juu yake, na utaona ukungu mweupe. Gundi yenye ukungu huo haishiki. Subiri upotee kabisa au paka upya.

Kata kila kipande kikiwa kirefu kuliko ubao kwa sentimita 2 hadi 3 kila mwisho. Tandaza karatasi ya kaki juu ya gundi iliyokauka ya ubao, laza mpira juu ya karatasi, uulinganishe na ukingo wa juu wa ubao bila kushikana. Vuta karatasi sentimita chache kutoka katikati, bonyeza, kisha endelea kuvuta na kubonyeza kuelekea kila mwisho. Wakati wote huo USIUVUTE mpira. Hili ndilo kosa ambalo halionekani siku hiyo. Mpira uliovutwa wakati wa kubandikwa unadunda kwa kasi isiyo sawa, na baada ya miezi unajirudi na kujibandua kwenye miisho, pale karibu na mashimo ambapo mapigo ni mengi. Ni afadhali uusukume kidogo urudi nyuma kuliko kuuvuta.

Gonga urefu wote kwa nyundo ya mpira juu ya kipande cha mbao, au pitisha rola ngumu. Acha saa 24. Kisha vuta ncha kwa kidole urefu wote kama ulivyofanya wakati wa uchunguzi. Panapofuata, bandua na rudia. Sasa hivi ni dakika kumi. Baada ya kitambaa ni siku nzima.

Miisho ikatwe kwa msumeno wa meno madogo uliopakwa maji ya sabuni, ukifuata pembe ya ubao wa zamani. Vipimo vya leo vya WPA ni nyuzi 142 kwa mashimo ya kona na 104 kwa ya katikati, na mwinamo wa nyuzi 12 hadi 15 kwenda chini, lakini meza kongwe ilichongwa kwa matundu yake yenyewe ya ngozi. Ifuate meza. Kwenye kila uso uliokatwa bandika kipande cha mpira mgumu, unene wa milimita 3 kinafaa, ugumu kati ya 60 na 80 kwa kipimo cha Shore A, kwa gundi ileile, kikishika mpira na ubao kwa pamoja. Kipande hiki kikiachia, tufe linalogusa mdomo wa shimo linakufa hapo hapo, na watu hulaumu ukingo mzima. Ziada ipunguzwe kwa kisu na msasa mpaka iwe sawa na umbo la mpira.

Kitambaa kinaweza kuua kazi yote

Kitambaa cha sufu kilichosokotwa kwa nyuzi laini ni chembamba kuliko kile cha manyoya cha zamani. Matokeo yake ufito wa zamani unalegea kwenye mfuo. Jaribu kwanza na kipande cha taka: ufito juu ya kitambaa uingie nusu kwa nguvu ya kidole, nusu iliyobaki kwa kugongwa kidogo juu ya kipande cha mbao. Ukiingia wote kwa kidole, chonga ufito mnene zaidi. Ukihitaji mapigo makali, upunguze kwa randa, la sivyo utapasua mdomo wa mfuo ambao umeishi miaka mia.

Gonga ufito kuanzia katikati, kitambaa kikiwa kimelala kichwa chini upande wa nje, kisha kigeuze kipite juu ya ncha. Vuta kuelekea chini kwa mkono mmoja, nguvu ileile urefu wote, na upige pini za milimita 6 hadi 10 kila sentimita 2, kuanzia katikati kwenda miisho. Kivutwe kiasi cha kuondoa mikunjo, basi. Kitambaa kilichokazwa kupita kiasi kinaivuta ncha chini na kuibana, na ukingo mpya unadunda kama wa zamani. Kilicholegea kinameza mwendo wa tufe na kutengeneza mifuko midogo. Angalia mstari wa ncha ukiwa umelaza jicho usawa wake: mawimbi yoyote unayoyaona ni tofauti za mvuto, na tufe litayahisi.

Kufunga

Rudisha kingo zote sita kwa namba zake na uingize bolti kwa vidole tu. Kwenye mfumo wa bolti za mlalo, matundu kwenye mbao ni mapana kidogo kuliko bolti, kwa hiyo ukingo unaweza kupanda au kushuka milimita moja au mbili kabla haujakazwa. Mtego huu unawashinda hata mafundi wazoefu wa meza za kisasa. Kata vipande vya mbao vyenye kimo cha milimita 36.3, viweke chini ya ncha sehemu tatu za kila ukingo, uhakikishe ncha inavigusa bila kuinuliwa, ndipo ukaze.

Kaza bolti ya katikati kwanza, kisha za pembeni, kwa mizunguko mitatu inayoongezeka, ukiangalia kuwa kingo mbili za upande mmoja zinaunda mstari mmoja kupitia shimo la kati. Uzi uliovutwa kutoka kona hadi kona utakuonyesha. Spana ya sentimita 20 na nguvu ya mkono inatosha. Kumbuka zile nati zilizozama kwenye risasi. Baada ya wiki mbili za kucheza pitia bolti zote tena, kwa sababu mbao na kitambaa vimetulia.

Sasa rudisha mteremko wako wa V na chaki. Mstari wa alama ukinyooka kingo zote sita, weka matundu ya ngozi na vifuniko vya mapambo. Ukiporomoka karibu na bolti, kaza hapo. Ukiporomoka kwenye miisho tu, kuna kipande cha mpira mgumu kilichoachia. Tufe likiruka, pima kimo cha ncha kabla ya kulaumu mpira: mara nyingi ukingo umeshuka wakati wa kukaza. Na kama mdundo ni mkali mno kiasi kwamba meza imekuwa ngeni kwa waliozoea kuichezea, vumilia miezi michache kabla ya kubadili chochote; kitambaa kipya kinateleza na kuongeza kasi ambayo haikutoka kwenye mpira.